Asili ya Aljebra na Desturi ya Kutoa Sababu

Watu wengi hudhani ya kuwa aljebra ni elimu ya Wazungu, iliyokuja na vitabu vya shule. Sivyo. Jina lenyewe ni la Kiarabu, nasi watu wa Pangani, tusemao hesabu na sifuri kila siku, yatupasa kulitambua. Al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa; na neno letu jabari latoka katika shina lilo hilo.

Aliyeipa elimu hii jina ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika zamani za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Sehemu kubwa ya kitabu chake yahusu kugawanya mirathi. Hakutumia herufi, kisichojulikana alikiita "kitu" tu, na hesabu zote aliziandika kwa maneno.

Wala hakutosheka na jibu bila sababu. Tutwae mfano wake mmoja, tukiuvika nguo za kwetu. Lipo shamba la mraba, upande wake haujulikani. Katika pande mbili zinazokutana twaongeza vipande viwili, kila kimoja urefu wake sawa na upande wa shamba, na upana wake hatua 5. Eneo la vyote pamoja ni 39. Je, upande ni hatua ngapi? Chora mchangani, utaona pembeni pamebaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe: 39 na 25 ni 64, nao ni mraba wenye upande wa 8. Ondoa 5, zimebaki 3. Hapo hata mwenye shaka hana la kubisha.

Mwaka 1145 Robert wa Chester, Mwingereza, alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini huko Hispania. Hivyo Wakristo wa Ulaya walijifunza kwa Waislamu, wala hawakuona haya.

Leo wanafunzi wengi wa sekondari huikariri kanuni ya hesabu hii, na wakiulizwa sababu, hujibu, "Ndivyo tulivyofundishwa." Mtu wa namna hiyo, siku mirathi ya baba yake igawanywapo kwa hila, atakubali chochote asomewacho. Basi, enyi wazazi, mtoto akileta jibu nyumbani, msiulize tu kama amepata. Mwulizeni, "Umejuaje?"