Kupiga kambi na farasi kando ya ziwa: Hatari huanza jua linapotua

WAPANDA farasi wanaolala kambini kando ya Ziwa Naivasha huweza kukosea jambo moja kabla hata ya kushuka kwenye tandiko: kuchagua mahali pa kulala kwa kufuata macho yao wenyewe, badala ya kufuata usalama wa mnyama aliyewafikisha pale.

Ufuo tambarare, wenye nyasi mbichi na kivuli cha migunga, huvutia sana jioni. Hata hivyo, saa chache baadaye mahali hapo hapo huwa ndipo pabaya zaidi kwa farasi kukesha. Jua likishatua, wadudu wanaoeneza ugonjwa hatari huanza kuruka, nao viboko hutoka majini kwenda malishoni.

Kupiga kambi na farasi kunawezekana, na wapo wanaofanya hivyo bila madhara. Tofauti kati ya safari njema na msiba hutokana na maamuzi yanayofanywa kabla ya giza kuingia.

Ziwa na majirani zake

Ziwa Naivasha liko katika Kaunti ya Nakuru, takriban kilomita 90 kaskazini magharibi mwa jiji la Nairobi, na karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Mnamo 1995 lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Maji yake hayana chumvi, tofauti na ya maziwa ya Elmenteita, Nakuru na Bogoria ambayo yamejaa magadi. Kwa msafiri mwenye farasi tofauti hii si ndogo, kwa kuwa maji ya magadi hayafai kunyweshwa mnyama.

Mbuga za taifa haziruhusu mtu kuingiza mifugo bila idhini. Ndiposa safari za farasi katika eneo hili hufanyika zaidi kwenye mashamba makubwa na hifadhi za watu binafsi, ambako mpanda farasi huweza kupita karibu na punda milia, twiga na pofu. Wanyamapori hawamkimbii sana mtu aliye juu ya farasi kama wanavyomkimbia atembeaye kwa miguu, na hilo ndilo linalozipa safari hizi mvuto wake.

Lakini ujirani huo una gharama yake. Punda milia ndiye mnyama anayebeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila yeye mwenyewe kuugua.

Ugonjwa wa usiku mmoja

Virusi hivyo, ambavyo vina aina tisa zinazojulikana, haviambukizwi kwa farasi kugusana na mwenzake. Hubebwa na wadudu wadogo waitwao usubi, ambao ni wadogo mno kuliko mbu na huweza kupenya kwenye matundu ya chandarua cha kawaida.

Farasi aliyeshikwa na aina kali ya ugonjwa huu, ile ya mapafu, hupata homa, akaanza kuhema kwa shida, kisha povu jingi likamtoka puani. Zaidi ya farasi tisa kati ya kumi wa kundi hilo hufa, na wengine hufa saa chache tu baada ya dalili za kwanza kuonekana.

Aina ya pili hushika moyo. Hapo kichwa cha farasi huvimba, hasa katika vishimo vilivyo juu ya macho, na yapata nusu ya wagonjwa au zaidi hufa. Nyumbu aliyezaliwa na farasi na punda huhimili kuliko farasi. Punda wa Afrika huhimili zaidi, naye punda milia haonekani kudhurika kamwe.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kinachowezekana ni kumpumzisha mgonjwa, kumkinga na wadudu na kumtuliza maumivu. Binadamu hawezi kuambukizwa.

Ukubwa wa janga hili unajulikana tangu zamani. Mlipuko wa 1854 na 1855 katika koloni la Rasi, Afrika Kusini, uliua karibu farasi 70,000. Miaka ya karibuni, mnamo 2020, ugonjwa huo ulizuka nchini Thailand, mbali kabisa na bara lake la asili, na kuua farasi zaidi ya 500.

Umande walaumiwa bure

Kwa muda mrefu wafugaji wa Afrika Kusini waliamini kwamba ugonjwa huo uliletwa na umande au na mvuke wa mabondeni. Walikuwa wameona jambo la kweli: farasi waliolala nje katika sehemu za chini zenye maji walikufa, ilhali waliofungiwa bandani kabla ya magharibi na kutolewa jua likishapanda waliponea. Walichokosea ni sababu yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, majaribio yalionyesha kuwa farasi waliolala katika mabanda yaliyozibwa kwa nyavu hawakuugua, ingawa hewa na unyevu wa usiku viliwafikia. Hatimaye, mnamo 1944, mtafiti R. M. du Toit alionyesha kwamba usubi ndio wanaobeba virusi.

Kisa hiki kinafanana na cha migunga yenye gome la manjano inayomea kwa wingi kando ya Ziwa Naivasha. Wasafiri Wazungu wa zamani waliuita mti huo mti wa homa, kwa sababu waliolala chini yake walipata malaria. Mti haukuwa na hatia. Ulimea tu mahali penye maji, ambako mbu nao waliishi.

Funzo la visa vyote viwili ni moja kwa anayepanga kambi. Kinachodhuru ni mahali na saa.

Kambi iwe juu, upepo upite

Usubi wanaohusika zaidi hawazaliani katikati ya maji ya ziwa. Huzaliana katika tope lenye rutuba, hasa lililochanganyika na kinyesi cha wanyama. Ufuo unaokanyagwa na ng'ombe, nyati na viboko kila siku ni mazalio yao hasa.

Isitoshe, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mafuriko makubwa ya 2020 yalifunika mashamba, barabara na makazi. Ukingo wa maji ukihama, tope nalo huhama. Mahali palipokuwa pakavu katika safari iliyopita huenda pakawa kinamasi leo, hivyo ni busara kwenda kupakagua mchana.

Wadudu hawa ni wanyonge angani. Upepo wa wastani tu huwazuia kuruka vizuri. Kwa hiyo kilima kidogo au mgongo wa ardhi unaopigwa na upepo, mbali na ufuo kadiri inavyowezekana, ni bora kuliko bonde lililotulia. Wasafiri wanaweza kwenda ziwani kutazama machweo, kisha warudi juu kulala.

Saa za hatari zaidi ni tangu machweo hadi macheo. Palipo na banda lenye wavu wa matundu madogo sana, farasi waingizwe kabla jua halijatua. Pasipo na banda, wavikwe shuka jepesi la kuwafunika mwili na kupakwa dawa ya kufukuza wadudu iliyoidhinishwa kwa farasi. Moshi wa moto wa kambi husaidia kiasi, lakini hautoshi peke yake.

Majira nayo yana uzito wake. Usubi huongezeka baada ya mvua kubwa kunyesha, hasa inapofuata kiangazi kirefu. Wiki zinazofuata masika au vuli si wakati mzuri wa kulaza farasi karibu na maji.

Kinga iliyo imara zaidi hupangwa mapema. Farasi anafaa kuchanjwa kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya msimu wa usubi, kwa kuwa mwili huhitaji muda kujenga kinga. Chanjo hutengenezwa nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, na daktari wa mifugo ndiye wa kushauri kuhusu ratiba. Farasi asiyechanjwa abaki nyumbani.

Njia za viboko zisizibwe

Kiboko hutoka majini giza linapoingia na huweza kula kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Hupita njia zile zile kila siku, na njia hizo huonekana wazi kama mifereji iliyochimbwa katika nyasi na mafunjo. Anayepiga kambi juu ya njia hiyo, au kati ya kiboko na maji, amejiweka katika hatari.

Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha. Kambi kadhaa za eneo hilo zimewekewa ua wa umeme ili kuwatenga wageni na wanyama hao usiku.

Farasi anayesikia kiboko gizani huweza kushtuka na kukata kamba. Akitoroka, hukimbia bila kuangalia, naye huweza kunaswa na seng'enge au kuingia barabarani. Basi pale penye ua wa umeme, farasi nao wawe ndani ya ua, na saisi ahakikishe kabla ya giza kwamba wameuona na kuuzoea.

Namna ya kufunga

Farasi ni mnyama wa kundi. Miguu yake imeumbwa kwa namna inayomwezesha kusinzia akiwa wima, lakini ili apate usingizi mzito hana budi kulala chini, na hulala hivyo kwa muda mfupi tu kila siku. Hawezi kulala chini asipojihisi salama. Katika kundi, mmoja husimama wengine wakilala. Hii ndiyo sababu si vyema kupiga kambi na farasi mmoja pekee.

Njia inayopendekezwa zaidi ya kufunga ni kutandaza kamba imara kati ya miti miwili, juu kidogo ya kichwa cha farasi, kisha kila mnyama akafungwa kwenye kamba hiyo kwa nafasi yake. Mti huzungushiwa mkanda mpana ili gome lisichubuke.

Kamba ya farasi iwe na urefu wa kumwezesha kufikisha pua karibu na ardhi. Ikiwa fupi mno hatapumzika, na ikiwa ndefu mno atakanyaga ndani ya kitanzi na kuvunjika mguu. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, nacho kisu kiwe karibu. Farasi asifungwe kamwe kwa lijamu, kwa maana akijivuta atajeruhi kinywa.

Farasi ambaye hajawahi kufungwa hivyo afundishwe nyumbani kwanza. Usiku wa kambini si wakati wa somo la kwanza.

Maji, chakula na usafi

Farasi wa kilo 450 hunywa kati ya lita 20 na 45 za maji kwa siku, na zaidi akifanya kazi katika joto. Ni bora kumtekea kwa ndoo kuliko kumwingiza ziwani, ambako huzama katika tope, huvuruga mafunjo na huweza kukutana na kiboko. Maji yenye utando wa kijani au harufu mbaya yaachwe, kwa sababu baadhi ya mwani hutoa sumu.

Huhitaji pia karibu kilo tisa za nyasi kavu kwa siku. Chakula kibebwe kutoka nyumbani, kwa kuwa kubadilisha lishe ghafla huleta msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, na msokoto huweza kumwua. Akiacha kula, akijigaragaza au kuutazama ubavu wake kila mara, daktari aitwe mara moja.

Kinyesi kikusanywe asubuhi na kupelekwa mbali na maji. Kikiachwa ufuoni huchafua ziwa na kurutubisha lile tope linalozalisha usubi.

Kazi haiishi kambini

Safari ikiisha, ulinzi hauishi. Dalili za ugonjwa wa farasi wa Afrika huchukua kati ya siku mbili na wiki mbili kujitokeza. Katika muda huo farasi apimwe joto asubuhi na jioni. Farasi mzima huwa na joto la kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selisiasi, na kipimo kinachozidi hapo akiwa amepumzika ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo bila kungoja dalili nyingine.

Mgonjwa anayeshukiwa atengwe ndani ya banda lenye wavu usiku na mchana, kwa kuwa usubi wakimuuma yeye watawapelekea wenzake. Taarifa pia itolewe kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, maana ugonjwa huu ni miongoni mwa yale yanayotakiwa kuripotiwa.

Mengi ya hayo humwangukia saisi, ambaye ndiye hukesha wageni wakiwa wamelala na ndiye hubaki na farasi wao wakisharejea mjini. Mwenye safari anapopanga bajeti yake, posho ya saisi wa zamu ya usiku na kipimajoto kimoja ni gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya farasi. Tahadhari, kama wahenga walivyosema, ni kabla ya hatari.