Gitaa la Kiasi

Enzi za ujana wetu mtu akisema ana galatoni, hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Lilikuwa gitaa kavu, yaani gitaa la mbao lisilotumia umeme, lenye nyuzi sita za chuma. Jina hilo tulilitumia kama tunavyotumia jina la jembe au sufuria, pasipo kujua kwamba lilikuwa chapa ya kampuni. Nimelikumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu, binti ninayeishi naye hapa Kinondoni, ambaye siku moja alinijia na kusema, "Babu, uliniahidi zawadi nikifaulu, na nimefaulu. Nataka gitaa, lakini liwe zuri." Nikamjibu kwa wepesi, "Gitaa ni gitaa." Jibu hilo nimelijutia, na kurasa hizi ni jitihada yangu ya kulisahihisha.

Tuanze na hilo galatoni. Mwaka 1926 mfanyabiashara Eric Gallo alifungua duka la santuri mjini Johannesburg. Duka likakua hata likawa kampuni kubwa ya muziki, na moja ya chapa zake ikaitwa Gallotone. Kwa chapa hiyo ziliuzwa santuri, na pia magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa huko huko Afrika Kusini. Nyakati hizo vijana wa mikoa yetu ya kusini walikuwa wakiandikishwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu. Mkataba ulipokwisha walirudi na mablanketi na masanduku ya bati, na baadhi yao walirudi na gitaa begani.

Galatoni moja ilifika hata Liverpool. Mwaka 1957 kijana wa miaka kumi na sita aitwaye John Lennon alikuwa akipiga gitaa aina ya Gallotone Champion, miaka michache kabla ya dunia kulisikia kundi la Beatles. Gitaa hilo hilo lilipigwa mnada mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 140,000. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya mtengenezaji iliyotoa dhamana kwamba gitaa hilo halitapasuka. Nilipoipata habari ya karatasi hiyo nilikaa nikaifikiria sana. Mtengenezaji hakuahidi sauti tamu wala shingo iliyonyooka. Aliahidi tu kwamba mbao hazitaachana. Na aliweza kuahidi hivyo kwa kuwa gitaa lilikuwa la plaiwudi, mbao nyembamba zilizogundishwa moja juu ya nyingine. Plaiwudi hustahimili joto, vumbi na safari ndefu, lakini gundi ile ile inayoizuia isipasuke huizuia pia isitetemeke vizuri, na sauti ya gitaa ni mtetemo wa ubao.

Hapo ndipo nilipowastaajabia wazee wetu. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, kule Katanga. Wimbo wake wa Masanga ukatoka kwenye santuri ya Gallotone na kuenea Afrika Mashariki yote. Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikisema sauti ya juu, na msikilizaji akadhani wanapiga watu wawili. Nairobi na Mombasa walikuwako akina Fundi Konde na Fadhili William. Kwetu Morogoro, Salum Abdallah alianzisha mwaka 1948 bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Muziki wa kizazi hicho ulijengwa kwa vyombo ambavyo leo fundi wa Ulaya angevikataa mlangoni. Wema ulikuwa katika vidole.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Bendi zilimilikiwa na mashirika: NUTA mwaka 1964, baadaye Urafiki, Polisi, JKT, Bima na nyinginezo. Mpigaji alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Akihama bendi aliliacha. Kisha ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni ulioifuata. Hata nyuzi zikaadimika. Niliwaona vijana wa Temeke wakifumua waya wa breki za baiskeli na kuufunga kwenye magitaa yao. Katika hali hiyo nani angefikiria kuchagua? Aliyepata gitaa alishukuru. Nasi wengine tukazoea kumwona mpiga gitaa kuwa mhuni, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kibovu na makazi yake baa.

Na hapa sina budi kusema la kwangu. Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alikamatwa bwenini akipiga galatoni wakati wa kujisomea. Nililichukua. Akaniambia kwa unyenyekevu kwamba lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelileta kutoka migodini. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Nikaliegemeza ukutani katika ghala la shule, chini ya bati, mwezi wa kumi na mbili, na kulisahau hadi shule ilipofunguliwa. Nilipomrudishia, shingo ilikuwa imepinda kama upinde na daraja la nyuzi limeng'oka. Karatasi ya dhamana haikusema uongo: mbao hazikupasuka. Mtoto yule aliligeuza mikononi, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaondoka. Sikuomba radhi. Wakati ule mkuu wa shule hakuomba radhi kwa mwanafunzi.

Basi, mjukuu wangu alipolikataa jibu langu, nilikumbuka kwamba mwenye kuijua mbao ni seremala. Nilisomea ualimu Chang'ombe, katika chuo ambacho tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, na jirani yake ni Keko kwa mafundi wa samani. Tulikwenda huko, na katika karakana ya pili mtu mzima mwenye mvi za kwanza aliweka randa chini. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, kisha nikamtambua. Alikuwa ni yule mwanafunzi.

Hakusema neno juu ya mambo ya kale. Nilipomweleza haja yetu alifunga karakana yake mchana ule, akaenda nasi Kariakoo. Aliyotufundisha nayaandika kwa faida ya mzazi au babu mwingine.

La kwanza ni ubao wa mbele, kwa maana huo ndio unaoimba. Tazama ukingo wa tundu la gitaa. Kama mistari ya mbao unayoiona usoni inaendelea kushuka ukingoni, huo ni ubao mmoja mzima, mara nyingi wa sprusi, mti wa nchi za baridi wenye jamaa na msonobari. Kama unaona matabaka kama chapati zilizopangwa, hiyo ni plaiwudi iliyopakwa rangi. Ubavuni na mgongoni hutumika mbao nzito zaidi, kama za jamii ya mkangazi, au za ukoo mmoja na mpingo wetu. Mpingo wenyewe, ambao wazungu huununua hasa kwa klarineti na zumari zao, hutumika pia kwa magitaa ya bei kubwa. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya ukoo huo wa miti iliwekewa masharti ya vibali, na mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikaondolewa katika masharti hayo. "Mwalimu," akasema fundi, "mti unatoka kwetu, gitaa linatoka kwao."

La pili ni shingo. Ichungulie kutoka kichwani kuelekea tumboni kama seremala anavyochungulia ubao: iwe imenyooka, yenye mbonyeo mdogo mno. Hakikisha ina fimbo ya chuma ndani yake inayoweza kurekebishwa kwa ufunguo, kwa maana nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo sabini. Ndiyo sababu ni kosa kubwa kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni. Kisha piga kila wayo wa shingo, kila uzi, usikilize kama kuna mlio wa nzi. Gusa uzi bila kuukandamiza juu ya chuma cha kumi na mbili, kisha ukandamize hapo hapo: sauti mbili hizo lazima zilingane, kwa kuwa hapo ndipo katikati ya uzi.

La tatu ni ukubwa, na hapa nilistaajabu. Muuzaji alituletea gitaa kubwa lenye kiuno kipana, akisema ndilo linalopendwa. Umbo hilo lilipewa jina la Dreadnought, manowari ya Waingereza ya mwaka 1906. Kampuni ya Martin ya Marekani ililitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la mjini Boston, na kuanza kuliuza kwa jina lake mwaka 1931. Ni gitaa la kishindo, zuri kwa kumsindikiza mwimbaji mbele ya watu wengi. Lakini kampuni hiyo hiyo ilikuwa tayari na gitaa la kati. Mwaka 1929, kwa ombi la mpiga banjo Perry Bechtel, ililipa gitaa hilo shingo ndefu zaidi, yenye vyuma kumi na vinne kabla ya kufika tumboni badala ya kumi na viwili. Upana wake wa chini ni kama sentimeta 38. Besi yake haiimezi sauti ya juu, na kila kidole kinasikika peke yake. Hilo, ndugu msomaji, ndilo gitaa linalofaa upigaji wa gumba na shahada ambao wazee wetu waliuumba kwa galatoni.

La nne ni hewa yetu. Ubao mzima hunywa unyevu. Wakati wa masika hapa Dar es Salaam huvimba na nyuzi zikainuka. Ukienda nao Dodoma wakati wa kiangazi, hunywea na huweza kupasuka. Kwa hiyo fundi alishauri gitaa la kati lenye ubao mmoja mzima mbele, na plaiwudi nzuri mgongoni na ubavuni, pamoja na sanduku gumu la kulitunzia. Bei ilikuwa mara nne ya lile la rahisi lililoning'inia mlangoni. Nilisita, pensheni ni pensheni. Lakini Waswahili walikwisha sema, rahisi ghali.

Kabla sijalipa, mjukuu wangu akamwomba fundi alijaribu. Alikataa, akakubali. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi ya randa, na mwanzo alikosea. Kisha gumba likaipata njia yake, na duka likanyamaza. Alipomaliza alimkabidhi binti na kumwambia, "Usiliegemeze ukutani, mama. Na usiliweke chini ya bati." Hakunitazama.

Nje, kwenye zogo la Kariakoo, nilimwambia nililopaswa kumwambia mwaka 1988. Akajibu, "Mwalimu, shingo ya lile la baba bado ninayo." Hakuongeza, nami sikuuliza. Kusamehewa si jambo la kudai.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, nikawaandikia watoto ubaoni majina ya magavana na miaka ya mikataba. Historia hii ya mbao na nyuzi sikuwahi kuifundisha, ingawa iliegemea ukuta wa ghala langu mwenyewe. Sasa jioni naisikia kupitia dirishani, polepole, kwa vidole viwili.