Michezo ya Kukimbia na Kuruka Inavyomsaidia Mtoto wa Awali Kutambua Herufi

Kutambua herufi na sauti zake ni miongoni mwa misingi ya stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Mtoto anayeingia Darasa la Kwanza bila msingi huo huanza akiwa nyuma ya wenzake, na pale darasa linapokuwa na wanafunzi wengi, si rahisi kwa mwalimu kumfikia peke yake. Muundo wa elimu nchini Tanzania, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, unatenga mwaka 1 wa elimu ya awali kabla ya miaka 6 ya elimu ya msingi. Muda huo ni mfupi na unahitaji kutumika vizuri.

Mtoto wa umri huo hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu akitazama ubao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2019 unashauri watoto wa miaka 3 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku. Sehemu ya muda huo inaweza kutumika kufundishia herufi.

Kiswahili kinarahisisha kazi hiyo. Kina irabu 5, yaani a, e, i, o na u, na kila irabu hubaki na sauti yake katika maneno yote. Kwa sababu hiyo, inafaa kuanza na irabu, kisha konsonanti chache zinazowezesha kuunda silabi.

Mchezo wa kwanza ni kukimbilia herufi. Mwalimu huchora irabu kubwa uwanjani kwa chaki, majivu au kijiti, kisha hutamka sauti moja. Watoto huikimbilia herufi yake, husimama juu yake na kuitamka. Inafaa waitwe watatu au wanne kwa zamu, kwa kuwa kundi kubwa likikimbia pamoja, asiyejua huwafuata wenzake na mwalimu hamtambui.

Mchezo wa pili ni kutembea juu ya mstari wa herufi, kuanzia mahali ambapo penseli huanzia. Mchezo huu humsaidia mtoto kuhisi mwelekeo wa herufi zinazofanana, kama b na d. Wa tatu ni kuruka silabi: mtoto huruka kutoka chumba chenye m hadi chenye a, kisha hutamka “ma”. Akirudia mruko huo, amesoma neno “mama”.

Katika michezo yote, mtoto anayekosea asitolewe nje. Huyo ndiye mwenye uhitaji mkubwa zaidi wa kurudia, na akiketi pembeni hukosa somo lenyewe. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo apunguziwe umbali au aoneshe herufi kwa mkono. Mwenye uoni hafifu aandaliwe herufi za kamba zilizobandikwa kwenye boksi, ili azipapase.

Herufi mpya zisizidi mbili au tatu kwa wakati mmoja. Mchezo ukiisha, watoto warejee darasani na kuitafuta herufi ileile kwenye kadi au kitabu. Mtoto anayeitambua herufi uwanjani pekee bado hajaandaliwa kusoma. Hatua hii ndiyo inayotofautisha somo na mapumziko.

Wazazi na walezi nao wanaweza kuendeleza michezo hiyo nyumbani bila gharama. Vifuniko vya chupa vilivyoandikwa herufi na kufichwa uani vinatosha: mtoto hutumwa kutafuta herufi inayoanza jina lake, la dada yake au la kitu anachokijua, kisha huirudisha mbio huku akiitamka.