Redio, Daladala na Cheti cha Shangazi

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa kati ya watu wazima 100 nchini, 67 hawakujua kusoma. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangwa kijijini kwetu, nikakabidhiwa ubao, chaki na redio ya mbao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili kuzizunguka redio kama ile. Tulisikiliza, tukajadili, kisha tukachimba vyoo.

Shangazi yangu alikuwa katika kundi langu. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulipofanyika, alifaulu. Wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi 39 kwa mia. Nilijivunia tarakimu hiyo kana kwamba niliiandika mimi.

Mwaka 2017 shangazi alinitembelea Dar es Salaam. Nilimwambia apande basi la mwendokasi pale Kimara, lililoandikwa Gerezani, nami nitampokea. Nilingoja zaidi ya saa moja. Hatimaye kijana mmoja alinipigia simu: bibi yuko Kivukoni, analia.

Nilipofika nilimwamkia, kisha nikamuuliza kwa ukali kidogo, "Shangazi, si uliona maandishi?"

Akanitazama. "Baba, ulinifundisha kusoma, hukuniachia cha kusoma."

Msomaji mpenzi, jibu hilo halijanitoka moyoni. Miaka yote shangazi alipanda daladala bila shida, kwa sababu daladala ina ubavu wa rangi na konda mwenye mdomo. Konda ni redio ya mjini. Basi jipya halikuita abiria. Liliandika tu, likaondoka.

Baada ya mtihani ule, kijijini kwetu kitabu kilikuwa kimoja kwa kundi zima, na gazeti lilifika likiwa limefungia samaki. Sisi walimu tulihesabu vyeti, tukaenda zetu. Jembe lisilolima huliwa na kutu, nasi tuliligawa jembe bila shamba.

Siku ile nilimnunulia gazeti. Tulilisoma pamoja, herufi kwa herufi, hadi Kimara. Alilibeba kwenda nalo kijijini. Kila mwezi sasa namtumia jingine, nikiwa nimechelewa miaka arobaini na ushei.