Mtego wa Kizimba: Kutoka Sanduku la Mbao hadi Sanduku la Kura

Mtego wa kizimba ni sanduku au tundu lenye mlango unaojifunga mnyama akishaingia. Haumuui wala haumvunji mguu. Humfungia tu mpaka mtegaji afike. Katika Amerika Kaskazini, ambako biashara ya manyoya iliwavuta Wazungu kwa zaidi ya karne tatu, mtego huu ulidharauliwa kwa muda mrefu, ukihesabiwa kuwa mchezo wa watoto wa mashambani. Walioupandisha hadhi ni watu wasiofanana hata kidogo: wenye viwanda vya waya, wataalamu wa wanyamapori na, mwishoni, wapiga kura wa mijini.

Wenyeji wa bara hilo walikuwa na mitego yao tangu zama za kale. Walitega tanzi, na waliegemeza gogo zito juu ya kijiti ili limwangukie mnyama agusapo chambo. Hudson's Bay Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1670, ilijenga utajiri wake wa mwanzo kwa ngozi za biva, mnyama anayejenga mabwawa mitoni, zilizoletwa na wenyeji hao. Kisha kikaja chuma. Sewell Newhouse, fundi wa jimbo la New York, alianza kufua mitego ya kubana mguu katika miaka ya 1820, na jumuiya ya Oneida aliyojiunga nayo baadaye ikaigeuza kazi yake kuwa kiwanda. Mtego wa chuma ulikunjika, na mtu mmoja aliweza kubeba mingi mgongoni. Kizimba kingeshindana nao vipi? Kilikuwa kikubwa na kizito, na vichache tu vilitosha kujaza mtumbwi.

Kwa hiyo kilibaki karibu na nyumba, kwenye mipaka ya mashamba na vijito. Sanduku la kawaida lilikuwa mbao nne zenye urefu wa sentimita 60 hadi 75, na upana wa kumtosha sungura au oposumu. Nyuma liliwekwa kipande cha waya ili mnyama aone mwanga na kudhani pana njia. Mbele palikuwa na mlango wa kuteremka ndani ya mifuo miwili. Mlango ulining'inizwa kwenye ncha ya ufito uliolazwa juu ya panda ya mti katikati ya sanduku, na ncha ya pili ikavutwa chini kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti. Kijiti hicho kiliingia katika tundu la dari karibu na nyuma, kikiwa kimechongwa pengo lililonasa ukingo wa tundu. Mnyama aliyefuata chambo alikisukuma kijiti, pengo likachomoka, ufito ukainuka, mlango ukaanguka kwa uzito wake.

Ufundi wote ulikuwa kwenye lile pengo. Likichongwa kwa kina, mnyama alikula chambo akaenda zake. Likiwa la juujuu, upepo tu ulitosha kuufyatua mtego. Mbao mpya nazo hazikufaa, kwa sababu zilinuka msumeno na mikono ya watu. Zilizopendwa ni zile zilizokaa mvuani na juani hadi zikawa za kijivu. Kusini mwa Marekani wengi hawakuhitaji hata mbao, kwani gogo lenye uwazi ndani lilitosha.

Adui wa sanduku la mbao ni meno. Rakuni, mnyama mwenye vidole vyepesi ajabu, akifungiwa usiku mmoja anaweza kutafuna ubao au kuuchokonoa mlango hadi ukainuka. Dawa ilitoka kiwandani. Mwaka 1901 John C. Perry wa Clinton, Massachusetts, alipata hataza ya mashine ya kuchomelea wavu wa waya, na wavu huo ukawa bidhaa ya kawaida katika maduka ya wakulima. Aliyekuwa na koleo na mkasi wa bati aliweza kuukata, kuukunja na kuubana kwa vibanio vilevile alivyotumia kwenye mabanda ya sungura. Katika miaka ya 1920 vizimba vya waya vilianza kuuzwa vikiwa tayari, lakini watu wa mashambani waliendelea kujitengenezea, wakitumia mabaki ya banda la kuku.

Waya ulileta pia mfumo mpya wa kufyatua. Badala ya kijiti, sakafuni huwekwa kibao cha kukanyagia, nacho huvuta pini inayoshikilia mlango. Mlango hufungwa bawaba juu na kuanguka kwa mshazari kuelekea ndani, hivyo mnyama akiusukuma kutoka ndani huukaza zaidi. Kibao lazima kiwe mbali na mlango, la sivyo mlango humwangukia mnyama mgongoni naye hurudi nyuma. Kwa rakuni, wavu wa nyuma huwa wa matundu madogo. Vinginevyo huingiza mkono kutoka nje na kuchukua samaki wa chambo bila kuingia. Kwa skanki, mwenye uvundo kama kicheche wa Afrika, kizimba hufunikwa turubai, maana gizani hutulia na hana haraka ya kurusha majimaji yake. Kwa bobkati, paka-mwitu mwenye mkia mfupi, sakafu ya waya hufichwa kwa udongo na unyoya huning'inizwa ndani, kwa kuwa huwinda zaidi kwa macho kuliko kwa pua.

Si kila kizimba ni cha huruma, ingawa watetezi wake hawapendi kulisema. Mtego wa maskrati, panya mkubwa wa majini, ni bomba la waya lenye milango miwili inayofunguka kuelekea ndani tu. Huzamishwa mbele ya shimo lake, na wanaoingia hufa maji, wakati mwingine kadhaa kwa usiku mmoja.

Kwa wataalamu wa serikali thamani ya kizimba ilikuwa kumpata mnyama akiwa hai. Katika miaka ya 1920 Vernon Bailey, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Marekani, alibuni mtego wa biva unaofunguka kama sanduku la safari, unaotandazwa kwenye maji ya kina kifupi na kujifunga kwa springi. Biva walikuwa wamemalizwa sehemu nyingi, na sasa waliweza kuhamishwa. Mwaka 1948 idara ya wanyamapori ya Idaho iliwakamata biva 76 na kuwadondosha kwa parachuti kwenye nyika ya Chamberlain Basin, ndani ya masanduku yaliyojifungua yakigusa ardhi. Mmoja tu alikufa.

Wapiga kura waliingia kupitia soko la manyoya. Mkataba wa CITES, wa kulinda viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, ulizuia biashara ya kimataifa ya ngozi za chui na duma, na wafanyabiashara wa manyoya wakamgeukia bobkati. Bei ilipopanda, mitego iliongezeka, na lawama pia. Mwezi Novemba 1996 wapiga kura wa Colorado na Massachusetts walipiga marufuku mitego ya kubana mguu. California ikafuata mwaka 1998, na sheria yake ikaeleza wazi kwamba vizimba, masanduku, mitego ya biva ya mtindo wa Bailey na mitego ya kawaida ya panya haimo katika marufuku hiyo. Katika majimbo hayo mtego wa watoto ukawa chombo kikuu cha mtegaji anayeishi kwa manyoya. Massachusetts yenyewe ililegeza sheria mwaka 2000, baada ya malalamiko ya barabara na visima kufurikishwa na mabwawa ya biva.

California haikuishia hapo. Mwaka 2013 mkazi aliyekuta kizimba kimetegwa bila idhini yake kwenye ardhi yake, jirani na hifadhi ya Joshua Tree, alizua mjadala uliozaa sheria ya kumlinda bobkati kuzunguka hifadhi hiyo. Mwaka 2015 tume ya wanyamapori ikakataza kumtega katika jimbo zima, na mwaka 2019 utegaji wote wa biashara ya manyoya na wa starehe ukapigwa marufuku. Colorado ilichagua njia nyingine. Mwezi Novemba 2024 wapiga kura wake walikataa pendekezo la kukomesha uwindaji wa puma na bobkati, na vizimba bado hutegwa huko kila majira ya baridi. Linksi, paka-mwitu mwingine anayelindwa na sheria, akinaswa humo hufunguliwa.