Kisasi cha Simba

Msomaji, mtunzi wa hadithi aweza kumlipizia kisasi mtu yeyote amtakaye. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Tazama mambo yaliyotokea Isiolo.

Mwaka 1956 George Adamson, bwana nyama wa Isiolo, alishambuliwa na simba jike, akampiga risasi. Kumbe mnyama yule alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Mmoja wao, Elsa, alilelewa na Joy, mkewe George. Mwaka 1960 Joy alitoa kitabu juu ya Elsa, na jina lake likaenea duniani.

Tarehe 3 Januari 1980 Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba, wilayani Isiolo. Habari za kwanza zilisema kwamba ameuawa na simba. Hadithi ilikuwa tayari: mama wa porini amelipiza kisasi kwa mwanamke aliyemchukua mwanawe! Lakini majeraha yalipochunguzwa, ilionekana yametokana na silaha yenye makali. Mwaka 1981 Paul Ekai, aliyewahi kuwa mtumishi wa Joy kisha akaachishwa kazi, alihukumiwa kwa mauaji hayo. Hakunyongwa, kwa kuwa umri wake haukujulikana kwa hakika, alifungwa.

Fikiri basi: kama majeraha yale yasingalichunguzwa, simba wangalibeba lawama hata leo, nao hawana ulimi wa kujitetea. Kwa hiyo usomapo habari yoyote, usishibe utamu wake. Uliza kwanza ushahidi uko wapi.