Neno "moto" Uvira

Huko Uvira, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, neno "moto" limebeba historia ya lugha tatu. Kiswahili, kilichoenezwa na misafara ya biashara iliyovuka kutoka Ujiji katika karne ya 19, wakati wapelelezi Burton na Speke nao walipofika Uvira Aprili 1858, kililitumia kwa moto wa jikoni na ule wa kuni uliowashwa usiku mitumbwini kuwavuta ndakala, yaani dagaa wa ziwa hilo. Lingala, lugha ya jeshi la kikoloni na baadaye la Mobutu, ilileta "moto" kwa maana ya mtu (wingi "bato"), neno ambalo toni pekee, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hulitenga na "moto" lenye maana ya kichwa. Kifaransa kikaongeza maana ya pikipiki, na hapo ndipo utata wa kweli ulipozuka: Kiswahili sanifu kingetofautisha "moto umewaka" na "moto imewaka", lakini usemi wa mtaani huelekea kutumia kiambishi i- kwa yote mawili, hivyo msikilizaji hutazama kwanza kama msemaji ameshika ndoo ya maji au ufunguo.